Kengele ya simu haitoshi kuzuia kidonda

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie vifaa vya kuwakinga watumiaji wa viti vya magurudumu na vidonda vya mgandamizo, yaani vile vinavyotokea ngozi ikikaliwa muda mrefu bila kupumzishwa: mito ya hewa, vihisi vya kuweka chini ya mto, programu za simu zinazopiga kengele kumkumbusha mtu apumzishe makalio. Vifaa hivi vinasaidia kweli. Kinachotusikitisha ni kuona vinanunuliwa, au kutolewa msaada, kana kwamba kazi imekwisha mto ukishatoka kwenye boksi. Mto uliowekwa vibaya unatoboa ngozi sawasawa na ubao.

Chukua mto wa hewa, ule wenye vikoba vya mpira vilivyosimama safu kwa safu. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuujaza mpaka ukawa mgumu kama mpira wa miguu, kwa imani kwamba hewa nyingi ndiyo usalama. Mto huu unakinga kwa sababu mtu anazama ndani yake, uzito ukasambaa mpaka mapajani. Ukijaa kupita kiasi hazami. Anabaki juu ya ncha za ile mifupa miwili ya makalio ambayo mtu huisikia akikalia benchi. Hewa ikipungua mno, mifupa hiyohiyo inagota chini ya mto.

Kipimo chake ni mkono. Jaza mto kuliko inavyohitajika, kisha mtu akae kama anavyokaa siku zote, viatu vikiwa mguuni na miguu juu ya vikanyagio. Msaidizi apitishe mkono kati ya makalio na mto, autafute mfupa ulioshuka kuliko yote, aache ncha za vidole hapo. Fungua valvu, toa hewa taratibu mpaka kati ya mfupa na sakafu ya mto ibaki sentimita 1.5 hadi 2.5, yaani vidole vinaweza kucheza kidogo tu. Funga valvu. Rudia kipimo kila siku, na tena ukipanda au kushuka mlima, au ukisafiri kwa ndege, kwa kuwa hewa ya ndani hutanuka unapopanda na kusinyaa unaposhuka.

Kabla ya kuulaumu mto, tazama vikanyagio. Vikiwa juu mno, magoti yanainuka, mapaja yanaachana na mto na uzito wote unarudi kwenye mifupa. Tazama pia kitambaa cha kiti: kikilegea katikati kama machela, kinayavuta mapaja kuelekeana na kumpinda mtu nyonga, kwa hiyo weka ubao mgumu chini ya mto. Taulo lililokunjwa juu ya mto linaharibu kazi yote, na vivyo hivyo mifuko ya nyuma ya suruali ya jinzi. Mto wa duara wenye tundu katikati usitumike kabisa. Ukingo wake unabana damu kuzunguka palepale unapodhani umepalinda.

Tuje kwenye vihisi. Mkeka wa kupima mgandamizo, unaoonyesha picha ya rangi kwenye kompyuta, ni mzuri kwa kulinganisha mito miwili kwa mtu yuleyule, siku ileile, akiwa ametulia dakika kadhaa kabla ya kusoma. Lakini wauzaji wengi wanautaja mgandamizo wa milimita 32 za zebaki (kipimo kilekile cha shinikizo la damu) kama mpaka wa usalama. Namba hiyo imetokana na vipimo vya mtafiti Eugene Landis vya mwaka 1930, kwenye mishipa midogo ya damu kandokando ya kucha za watu wenye afya. Makalio ya mtu aliyepooza, yenye misuli iliyonywea, hayana mkataba na namba ile.

Vihisi vya chini ya mto navyo vinajua mtu amesogea. Hali ya ngozi havijui. Ukinunua, muulize muuzaji swali moja: je, kinahesabu mtu ameondoa uzito kwa muda gani? Vingi huhesabu idadi ya mara tu, hata kuinama kuokota kalamu kukaandikwa kuwa ni kupumzisha makalio. Oksijeni hairudi kwenye ngozi iliyobanwa kwa sekunde chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwa watu wenye jeraha la uti wa mgongo ulikuta inachukua karibu dakika 2 kwa wastani. Nani atajiinua kwa mikono dakika 2, mara mbili au zaidi kila saa, bila kuua mabega yake? Afadhali kuinamia mbele, kifua kikielekea mapajani au viwiko vikiegemea meza, breki zimefungwa na magurudumu madogo yakiwa yameelekezwa mbele ili kiti kisipinduke. Au alalie upande mmoja, kisha mwingine. Kwenye kiti cha umeme, kulaza kiti kizima chini ya nyuzi 30 hupunguza mgandamizo kidogo sana. Laza kiti kwanza, kisha shusha egemeo. Wakati wa kurudi, egemeo liinuke kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, mwili unateleza na ngozi inakwanguka kwa ndani.

Baada ya mashine zote hizo, ngozi ikaguliwe asubuhi na usiku kwa kioo cha mkono au picha ya simu. Maelekezo mengi yanasema utafute wekundu, na hapo wenye ngozi nyeusi wanaponzwa, maana wekundu hauonekani. Tafuta doa lililokoza kuliko ngozi ya jirani au lenye zambarau, kisha pitisha mgongo wa mkono: pana joto au ubaridi, pamevimba, pamekuwa pagumu au pamelegea kama tunda lililoiva? Madhara mara nyingi huanza kwenye msuli uliogusana na mfupa, ngozi ikawa ya mwisho kusema. Ukikuta dalili hizo, usikalie sehemu hiyo hata kama haiumi, mpaka ngozi irudi kama kawaida. Ngozi ikichubuka au doa lisipoondoka, mwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo, na mto upimwe upya kabla ya kukaliwa tena.

Wafungaji na warekebishaji wa viti vya magurudumu