Kijana wenu wa pichani ana nguvu, lakini mwambieni afumbe macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala ya mazoezi iliyotoka Jumamosi, ile yenye picha ya kijana aliyechuchumaa na chuma begani, mishipa imemtoka shingoni. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma nimesimama kwa mguu mmoja, na sababu yake nitaieleza.

Mwandishi anatuambia kwamba siri ya wanariadha wakubwa ni misuli, na kwamba misuli hupatikana kwa kuongeza uzito kila wiki. Sina ugomvi na vyuma. Nimefundisha kurusha mkuki na tufe kwa miaka 27 na sijawahi kumruhusu mwanafunzi akwepe vyuma, awe wa kike au wa kiume. Ila makala nzima haikutaja hata mara moja kitu kinachoiambia misuli iende wapi, lini na kwa nguvu kiasi gani. Mimi kitu hicho nilikipoteza nikiwa na miaka 24, kwa hiyo najua thamani yake.

Niliteguka kifundo cha mguu wa kushoto nikirusha mkuki. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio breki: unakuja mbio, unaukita chini, mwili unasimama ghafla na kasi yote inapanda kiunoni, begani, hadi kwenye mkuki. Kocha wangu wa wakati huo alinifunga bendeji, na baada ya siku kumi nikarudi uwanjani. Katika miaka miwili nikateguka mguu uleule mara nne. Mara ya nne sikuwa hata na mkuki, nilikuwa nashuka ngazi. Na msidhani nilikuwa dhaifu. Nilikuwa nachuchumaa na kilo 100 begani na kuinuka bila kusaidiwa.

Mama mmoja wa fiziotherapia alinipima kwa njia iliyoniudhi kwa wepesi wake. Simama kwa mguu wa kulia, kunja mikono kifuani, fumba macho. Nikasimama hadi akachoka kuhesabu. Haya, mguu wa kushoto. Moja, mbili, na kabla ya tatu nimeshika meza yake. Akacheka, akaniambia, “Mguu wako una nguvu, mwanangu, ila haujui uko wapi.”

Ligamenti za kifundo, zile kamba zinazoshikanisha mfupa na mfupa, zinapochanika, mguu haupungukiwi uimara peke yake. Humo ndani mna vipokezi vinavyoupelekea ubongo habari za kiungo kimepinda wapi na kinaelekea wapi. Vikiharibika, habari zinafika zimechelewa au pungufu, na ubongo unashtuka mguu ukiwa umeshapinda. Misuli yangu ilikuwa tayari kuniokoa, lakini haikuitwa mapema.

Vipokezi vya namna hiyo vimejaa mwilini. Ndani ya misuli mna nyuzi ndogo mno zinazopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, mna vingine vinavyopima mkazo. Sikio la ndani linaongeza habari za kichwa kimeinama upande gani, nyayo zinaleta za ardhi. Ubongo unaziunganisha zote, na ndiyo maana msomaji akifumba macho sasa hivi ataigusa ncha ya pua yake kwa kidole bila kujichoma jicho. Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipa hisi hii jina mwaka 1906, nasi tunaweza kuliandika propriosepsheni. Wanafunzi wangu walishindwa kulitamka, tukaliita “kujua ulipo”.

Anayedhani hilo ni pambo tu na amfikirie Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 19 huko Uingereza, ugonjwa ulimwondolea hisi ya mguso na ya mkao wa mwili kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza. Ilikuwa mizima na mishipa ya kuiamrisha ilifanya kazi, lakini hakuweza kukaa wala kusimama. Alijifunza upya kwa kuyatumia macho, akiuangalia kila mguu na kila mkono anaouendesha. Taa zikizimika ghafla, anaanguka.

Nirudi kwenye vyuma, maana hapa ndipo makala ilipopotoka hasa. Karibu kila mwanafunzi mpya alinijia baada ya wiki tatu au nne na mshangao uleule: Kocha, mikono haijanenepa lakini chuma kimekuwa chepesi. Hakijawa chepesi. Katika wiki za mwanzo nguvu inaongezeka zaidi kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja, kuzipigia amri kwa kasi zaidi, na kuiambia misuli pinzani iache kuvuta breki. Unene wa msuli unakuja baadaye. Kwa hiyo hata nguvu yenyewe, ile ya mapicha, inaanza kama somo kichwani.

Kuna jambo moja nikiwaeleza wazazi wananitazama kama mganga. Ukiufanyisha mazoezi mkono mmoja tu, mkono wa pili nao unaongezeka nguvu kidogo ingawa haukuguswa. Lilipimwa katika Chuo Kikuu cha Yale tangu mwaka 1894, na limepimwa tena na tena. Nilikuwa na msichana aliyevunjika kiganja cha kushoto, amefungwa plasta wiki sita. Watu wakanisihi nimpumzishe. Nikamnyanyulisha vyuma kwa mkono wa kulia wiki zote sita, na plasta ilipotoka mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba, ndiyo, lakini haukuwa mgeni wa kazi.

Sasa kisa kilichonifanya nikamate kalamu. Mwaka mmoja nilikuwa na wasichana wawili wa mkuki. Wa kwanza alinyanyua kilo 110 kutoka sakafuni, wa pili kilo 75 kwa taabu. Huyu wa pili, mwembamba hadi wenzake wakamtania, alimzidi mwenzake mita nane. Mkuki wa wanawake una gramu 600. Mwenye kuweza kilo 110 na mwenye kuweza kilo 75 wote wanaubeba kama fimbo. Ugumu wake ni kuupitisha mkuki kwa mstari mmoja, wakati mwili unakwenda mbio na mguu wa breki unagonga ardhi, yote hayo ndani ya kufumba na kufumbua.

Nilikuwa na desturi ya kuuliza kabla sijasema lolote: kiwiko kilikuwa wapi? Yule mwembamba alijibu bila kufikiri. Kilishuka, Kocha, nilikisikia kimeshuka kabla mguu haujafika. Yule mwenye nguvu alijibu kila siku, sijui, nilirusha kwa nguvu zote.

Basi tukaanza upya. Nilimpunguzia chuma hadi nusu, akalia. Akawa anachuchumaa kwa hesabu ya nne, anatulia kule chini, nami nauliza: uzito uko kisiginoni au kwenye vidole, kulia au kushoto? Mwanzoni alikuwa anabahatisha. Tulirusha mpira mzito ukutani amefumba macho, na kabla hajayafumbua anaonyesha kwa kidole ulipogonga. Simu ya kumpiga video niliishika mimi, na haoni video mpaka aseme kwanza alichosikia mwilini. Ilimchukua karibu miezi mitano kabla majibu yake na video havijaanza kupatana.

Na lazima nikiri kitu ambacho hakinisaidii sana katika ubishi huu. Msimu uliofuata yule mwenye nguvu alimpita mwembamba, tena kwa mbali. Alipojua kiwiko kiko wapi, zile kilo 110 zikapata kazi. Mwandishi wenu angekuwepo siku hiyo angenicheka, na angekuwa na haki ya kucheka kidogo.

Ndiyo maana Julius Yego ananivutia kuliko warushaji wengi. Alijifunza sehemu kubwa ya ufundi kwa kuwatazama warushaji wakubwa kwenye video za YouTube, na mwaka 2015 huko Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Wengi wanakisimulia kisa hicho kama cha bidii, nami sikatai. Lakini jaribuni kumtazama mtu akirusha, halafu mwende mkalitafute umbo lile ndani ya miili yenu wenyewe, bila mtu pembeni wa kuwaambia mmekosea. Video inakuonyesha bega la mwenzako. La kwako inabidi ulisikie.

Hata wanyanyuaji vyuma, ambao ndio ngome ya mwandishi. Naim Süleymanoğlu alishindana uzito wa kilo 60 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na kuinua kilo 190 hadi juu ya kichwa, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Mtazameni mnyanyuaji yeyote wa Olimpiki polepole. Hakivuti chuma hadi kule juu kinakoishia. Anakipandisha kiasi, kisha anajitupa chini yake kabla hakijaanza kurudi, miguu inatua, viwiko vinageuka. Akichelewa kidogo sana, au chuma kikiwa mbele kidogo tu ya mstari wake, kinaanguka, na mapaja yale yote hayamsaidii.

Na mkumbuke yaliyompata Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Alikimbia kuruka akikusudia kujizungusha mara mbili na nusu hewani, akazunguka mara moja na nusu na kutua akiyumba. Alikuwa amepoteza kujua yuko wapi hewani, jambo ambalo wanajimnastiki wanaliogopa kuliko maumivu. Akajitoa kwenye mashindano ya timu. Wapo waliomwita mwoga. Misuli yake ilikuwa ileile ya wiki iliyotangulia! Mwili usiojua chini ni wapi unatua kwa shingo. Alirudi mwaka 2024 Paris akachukua dhahabu tatu, na sidhani kama kati ya hapo tatizo lake lilikuwa mapaja.

Kuhusu vioo vya jimu sitasema mengi. Vinamzoeza mtu kuyaachia macho kazi ambayo magoti yangejifunza kuifanya yenyewe, kisha siku ya mashindano uwanjani hakuna kioo. Geukeni mtazame upande wa pili, walau seti moja.

Wasomaji wasio wanariadha wasidhani hayawahusu. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya nguvu walau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu walau siku tatu. Mimi nina 61. Ule mguu wa kushoto bado nausimamia kila asubuhi nikipiga mswaki, macho nimefumba, beseni liko karibu nisije nikaaibika. Jana nimefika hesabu ya 31. Kulia ni 34. Zamani tofauti ilikuwa kubwa zaidi, na nikikosa wiki moja tu kushoto kunashuka upesi kuliko kulia, kama mtu mwenye kinyongo.

Sasa ile picha yenu, Ndugu Mhariri. Chini yake mmeandika kwamba kijana anaonyesha namna sahihi ya kuchuchumaa na chuma. Nimeiweka chini ya miwani. Kisigino chake cha kushoto kimeinuka, kiuno kimekimbilia kulia na ncha ya kulia ya chuma imeshuka. Simlaumu, na kwa umri ule hata mimi nilichuchumaa vibaya zaidi. Lakini kuna watoto watakaoikata picha hiyo na kuibandika ukutani. Naomba maelezo yake yasahihishwe, au mpiga picha wenu arudi kwa kijana akapige nyingine. Na akirudi, kabla hajamwonyesha ile ya kwanza, amuulize kisigino cha kushoto kilikuwa wapi.

Wako,
Kocha mstaafu wa mkuki na tufe