Mchango wa matibabu ya mama yetu wa kwaya

Wapendwa wana usharika, Bwana Yesu asifiwe.

Wengi mmeuliza kwa nini mama yetu wa sauti ya pili haonekani kwaya. Kwa ruhusa yake, Kamati ya Huduma inawaeleza hali yake na kuwaomba mchango.

Kilianza kipele juu ya kifundo cha mguu, kama ameumwa na mdudu. Kikatunga usaha, kikapasuka, kikawa kidonda kinachokwenda mbio. Kingo zake ni za zambarau iliyokolea na zimeachana na nyama ya chini, hata ncha ya shashi inapenya. Khanga ikimgusa tu, anavuta mguu. Majirani walisema donda ndugu, wengine wakasema amerogwa. Alikopelekwa kwanza walikikwangua ili kutoa uozo, kikazidi kupanuka.

Pale hospitali ya KCMC Moshi, penye kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, madaktari walikata kipande kidogo ukingoni mwa kidonda na kukitazama kwa darubini. Tabaka la ndani la ngozi lilijaa nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Lakini vijidudu vyenyewe havikuwepo: si bakteria, si kifua kikuu cha ngozi, si fangasi. Kwa kuwa darubini peke yake haitoshi kuuthibitisha, waliondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, ndipo wakasema ni pioderma gangrenosamu. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe imeigeukia ngozi.

Ugonjwa huu ni adimu, na hauambukizi. Tafadhali mtembeleeni, mshikeni mkono, kuleni naye. Upweke umemuumiza sana.

Kidonda cha namna hii kikikatwakatwa huzidi, ndiyo maana hatuchangii upasuaji. Tunachangia dawa za kutuliza kinga: prednisoloni, ambayo bei yake si kubwa, na siklosporini, ambayo ndiyo inayotuelemea. Dawa hizo zinadai vipimo vya sukari, presha na figo mara kwa mara. Kuna pia kipimo cha utumbo mpana, maana ugonjwa huu huweza kuandamana na maradhi ya kuvimba kwa kuta za utumbo, halafu bandeji zisizogandia kidonda, na nauli.

Tujipange kwa safari ndefu. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 kwa wagonjwa 121, kati ya waliotumia moja ya dawa hizo mbili, chini kidogo ya nusu ndio waliopona ndani ya miezi 6. Kwa hiyo anayeahidi kidogo kila mwezi anatufaa kuliko anayetoa kikubwa mara moja, kwa sababu dawa haitakiwi kukatika.

Bahasha ziko kwa wazee wa kanisa katika kila mtaa. Mhazini atatoa stakabadhi, na hesabu itasomwa kwenye matangazo kila mwisho wa mwezi. Mwenye gari linaloelekea Moshi siku za kliniki aonane na katibu wa kwaya.