Samaki Akiponyoka Karibu na Wavu, Angalia Ndoano Kwanza

Malalamiko tunayopokea zaidi hapa dukani kwetu Ngara si ya samaki kukataa kuuma. Anauma vizuri, fimbo inapinda, mvuvi anamvuta hadi anauona ubavu wake ukimeta, halafu mshipi unalegea ghafla. Chambo, yaani kile cha bandia cha mbao, plastiki au chuma, kinarudi kizima na ndoano zote zipo, ila samaki hayupo. Wengi huulaumu mshipi na kununua mnene zaidi. Wengine hulaumu rili, ile gurudumu ya kukunjia mshipi, na wapo wanaosema siku haikuwa yao. Sisi huomba tuonyeshwe chambo chenyewe, na mara nyingi jibu linaning'inia pale pale: ndoano za ncha tatu kilizokuja nazo kutoka kiwandani. Kazi yetu ni kuziondoa na kuweka za ncha moja.

Ncha tatu huonekana kuwa bora kuliko moja, na kwa kumnasa samaki wa kwanza kugusa, kweli ni bora. Hatupingi. Shida huanza baada ya hapo. Ukiuvuta mshipi, nguvu ile ile hugawanyika kwa kila ncha iliyogusa kitu, kwa hiyo hakuna hata moja inayozama hadi mwisho. Isitoshe, ncha moja ikiwa ndani ya nyama, ya pili huegemea taya kwa nje, na mwili wa chambo, mgumu na mrefu, hugeuka kuwa mpini. Samaki akitikisa kichwa, anaing'oa ndoano jinsi fundi anavyong'oa msumari kwa mkia wa nyundo. Chambo kikiwa kirefu na kizito, mpini nao ni mrefu, na kazi ya samaki inakuwa rahisi zaidi.

Ndoano ya ncha moja yenye mdomo mpana, yaani nafasi kubwa kati ya ncha na shina, hufanya kinyume. Nguvu yote huenda mahali pamoja, ncha inazama hadi kwenye pindo, na inashika nyama nyingi badala ya ngozi ya juu tu. Utakosa miguso michache. Lakini anayenaswa, mara nyingi unamleta hadi mkononi. Kama raha yako ni kuhesabu wanaogonga chambo, baki na ncha tatu, hatutakushawishi.

Kubadilisha ndoano hivi hakukuanzia kwetu. Wavuvi wa samoni wa pwani ya magharibi ya Canada na Marekani wamekifanya kitendo hiki kuwa kawaida, na samoni ndiye anayeonyesha sababu waziwazi. Kwanza, samoni aliyekwisha kuingia mtoni kwenda kutaga huacha kula. Akigonga chambo, anagonga kwa hasira au kwa mazoea, na mara nyingi ndoano humshika pembeni mwa mdomo tu. Pili, taya lake ni la mifupa, na dume anapokaribia kutaga taya hilo hurefuka na kupinda kama ndoana yenyewe, kwa hiyo sehemu laini ya kuzamisha ncha ni ndogo. Tatu, samoni mkubwa, hasa yule aitwaye chinook, hujiviringisha majini huku akitikisa kichwa. Anapojiviringisha, ndoano iliyofungwa moja kwa moja kwenye chambo husokotwa mpaka inachomoka au inanyooka.

Dawa yao ni ndoano ya ncha moja yenye shina refu na tundu lililoachwa wazi kidogo, ambalo hubanwa kwa koleo likishaingia kwenye pete ya chambo. Kati ya pete na ndoano huwekwa kizungusho, yaani kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka bila kuusokota mshipi. Samaki akijiviringisha, ndoano inazunguka naye na chambo kinabaki kando. Kipande hicho kidogo, kwa maoni yetu, kinaokoa samaki wengi kuliko mshipi wowote wa bei ghali.

Mtu wa Nairobi atauliza, samoni anatuhusu nini? Yule anayelala juu ya barafu kwenye maduka makubwa ya Westlands amefugwa, mara nyingi Norway, wala hakugonga chambo cha mtu. Lakini ndugu zake tunao. Trauti wa upinde wa mvua anayeogelea katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya yumo katika jenasi moja na samoni wa Pasifiki, Oncorhynchus. Wanasayansi walimhamishia humo mwaka 1989. Trauti wa kahawia naye yuko pamoja na samoni wa Atlantiki katika jenasi Salmo. Hawa si wenyeji. Waliletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Tabia za ukoo hata hivyo wamebaki nazo: wanaruka, wanajiviringisha, na mdomo wao si mkubwa. Anayevua kwa nzi bandia huko Mathioya tayari anatumia ncha moja na haya hayamhusu. Tunamsemesha anayerusha spina na vijiko vidogo, vile vyambo vya chuma vinavyozunguka na kumeta majini.

Kisha kuna mbuta, au sangara. Ziwa Victoria aliingizwa miaka ya 1950, ilhali Turkana ni kwao tangu asili. Wateja wetu wanaomfuata visiwa vya Rusinga na Mfangano huburuta vyambo vikubwa nyuma ya mashua, kila kimoja na ndoano mbili au tatu za ncha tatu. Mbuta akiruka hufungua mdomo wote na kutikisa kichwa, na hapo uzito wa chambo humsaidia yeye, haukusaidii wewe. Tatizo lake jingine ni nguvu. Ndoano za kiwandani za waya mwembamba hunyooka, na pete nazo hufunguka. Mdomo wake ni mkubwa na humeza chambo kwa kukivuta pamoja na maji, kwa hivyo ndoano mbili za ncha moja, nene na zenye mdomo mpana, zinamtosha. Ukibadilisha ndoano ukaacha pete za zamani, umefanya nusu ya kazi.

Sasa, kwa nini ulete dukani jambo unaloweza kufanya mezani kwako kwa koleo? Unaweza, na ukitaka tutakuuzia ndoano na kukuonyesha. Ila vipo vitu viwili ambavyo watu hukosea.

Cha kwanza ni ukubwa. Namba za ndoano huchanganya: kuanzia 10 kushuka hadi 1, namba ikipungua ndoano inakua; baada ya hapo huja 1/0, 2/0, 3/0, na sasa namba ikipanda ndoano inakua. Mtu huondoa ncha tatu namba 4 akaweka ncha moja namba 4, kisha anashangaa hanasi kitu, kwa sababu ncha imejificha nyuma ya mwili wa chambo. Ya ncha moja lazima iwe kubwa zaidi. Sisi hupima kwa macho na kwa rula: mdomo wake ukaribie upana wote wa ile ya ncha tatu iliyotoka, ncha ipite mwili wa chambo, na ndoano ya tumboni isiweze kuifikia ya mkiani zikashikana.

Cha pili ni uzito, na hapa ndipo penye kazi hasa. Ndoano ya ncha tatu ndiyo iliyokuwa ikikituliza chambo. Ukiitoa na kuweka nyepesi, chambo kilichobuniwa kuelea katikati ya maji hupanda juu, na kile kilichokuwa kikitikisa mkia polepole huanza kuyumba au kulala ubavu. Kwa hiyo tunapima kwa gramu kinachotoka na kinachoingia. Upungufu tunaufidia kwa ndoano nene kidogo, pete nzito au kizungusho, kisha tunakivuta chambo kwenye tangi la maji lililoko nyuma ya duka. Anayekwenda Watamu hutuambia mapema, maana maji ya chumvi hukiinua chambo zaidi ya maji ya bomba la Nairobi. Kilichotulia tangini kwetu, baharini kitapanda.

Mwelekeo pia una maana. Kwenye chambo chenye umbo la samaki, ndoano ya tumboni tunaielekeza mbele, ya mkiani tunaielekeza juu. Hiyo ya mkiani hupunguza kunasa majani na mawe. Tunatumia ndoano ambazo tundu lake limegeuzwa ubavu, ili kwa pete moja tu zikae sawa. Ukitumia zile za kawaida kwa pete moja, zitalala upande, na utahitaji pete mbili.

Ncha tunazijaribu kwa ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, inanolewa au inatupwa. Kijino cha nyuma ya ncha tunakibana kwa koleo mteja akitaka. Wengi huogopa hilo, lakini ndoano isiyo na kijino huzama kwa nguvu kidogo, na hukaa mradi usiulegeze mshipi. Inatoka upesi pia kwenye mdomo wa samaki unayemrudisha, na kwenye kidole chako. Ncha tatu ndani ya wavu, samaki akiwa bado anapigapiga, ndizo zinazowapeleka watu zahanati.

Vipo vyambo tunavyokataa kuvigusa. Vile vidogo sana vya kuelea juu ya maji hupoteza mchezo wao wote ukiviondolea ncha tatu, na hatutachukua pesa yako kuviharibu.

Aliye nje ya Nairobi anaweza kutuma kisanduku kwa mizigo ya matatu, tukamwambia gharama kwa simu kabla ya kuanza na akalipa kwa M-Pesa kazi ikiisha. Andika juu yake unavua wapi na samaki gani. Bila hayo tunakisia. Anayesafiri kwenda British Columbia kuvua samoni asisahau kutueleza, kwa sababu mito ya huko inaruhusu ndoano ya ncha moja isiyo na kijino tu, na vyambo vyake vyote tutavipanga hivyo. Akishavichukua, avifungie kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kwenye begi la mkononi, ukaguzi wa uwanja wa ndege wa JKIA unaweza kumlazimisha aviache.