Shukrani kwa Mama wa Daftari, Mikindani

Kwa niaba ya kikundi chetu cha kuwatunza wazee, namshukuru mama ambaye, Jumanne ile ya changizo letu la siku moja, alifika kwenye meza yetu Mikindani, akaomba kiti, na hakuondoka hadi magharibi. Tuliichagua siku hiyo kwa kuwa ndiyo Jumanne ya Kutoa, desturi iliyoanzia Marekani mwaka 2012, nayo huangukia msimu wa korosho, wakati wakulima wengi wa kwetu huwa wameanza kupokea malipo ya mnada. Mtandao wa simu ulipokatika adhuhuri, nasi tukakata tamaa (mimi wa kwanza, nakiri), yeye alitoa daftari la mistari mkobani, akaandika kila shilingi iliyoingia, ahadi akaziwekea ukurasa wake, na kila saa akasimama kusoma jumla kwa sauti, hata waliokwisha kutoa wakarudi kuongeza. Jioni, hesabu ya daftari na ya kisanduku zililingana bila kupungua hata shilingi mia. Mama, uliondoka kabla hatujakuuliza jina. Kalamu yako ya bluu ingali kwetu.