Jikoni kwangu si sehemu ya chumba ulichokodi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwenye ukurasa huu kwamba alilala katika nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, akaamka usiku kutafuta maji ya moto, akakuta mlango wa jikoni umetiwa komeo. Alisema ukarimu wa watu wa Pwani umekwisha. Nyumba ile si yangu, lakini hata mimi nafunga jiko langu kila usiku, na nitaendelea kulifunga.

Nyumba yetu ni ya zamani, iko Mji Mkongwe. Vyumba vya mbele tunapangisha, mtu analala na asubuhi anapata chai. Nyuma ya ua tunakaa mimi, mama mkwe wangu na binti zangu, na jiko liko huko kwetu. Waliojenga nyumba za namna hii walijua wanachofanya. Kuna baraza ya kumpokea mtu, kuna ukumbi, kisha ndipo uani. Mgeni anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, analetewa. Uani ndiko wanawake wanakovua mabuibui, wakajifunga kanga kifuani, wakachambua mchele na kuzungumza yao. Mama mkwe wangu ni mtu mzima. Haifai ahangaike kutafuta mtandio saa kumi na moja alfajiri kwa sababu kijana wa watu, na kaptula yake, amesimama mlangoni anarekodi video kwa simu. Yametokea hayo, tena zaidi ya mara moja.

Wala sisemi kijana yule ana tabia mbaya. Amekuja kuona Kaole, Boma la Mjerumani na Caravan Serai, na kutwa nzima watu wamemwonyesha majengo ya kale na kumruhusu apige picha. Atajuaje kwamba mlango huu mmoja ni wa watu? Ni kazi yangu kumwambia, na kuufunga.

Wanaodhani ni suala la aibu tu, waje waone hali ya jikoni alfajiri. Karai la maandazi liko juu ya jiko la mkaa, chini kabisa, usawa wa magoti, na mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180 hivi. Mtungi wa gesi uko pembeni, mbuzi ya nazi na meno yake iko njiani. Sisi tunapita humo hata gizani. Mtoto wa mgeni akiingia mbio kumtafuta paka, sitaki hata kufikiria.

Halafu kuna usafi. Sisi tunaopika tunapimwa afya, na bwana afya anakuja kukagua. Shirika la Afya Duniani linafundisha kutenganisha chakula kibichi na kilichoiva, chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili, na kile cha baridi kitunzwe chini ya nyuzi 5. Kwa joto la huku kwetu, friji ikifunguliwa na kila apitaye, hizo nyuzi 5 hazikai. Mgeni mmoja alinunua samaki sokoni, akaja kumpasua juu ya ubao ninaokatia mapapai na mananasi ya asubuhi. Sikuwapo. Ningechelewa kurudi kwa dakika chache tu, matunda yangekatwa pale pale na kupelekwa mezani, na mtu angeugua ningeulizwa mimi, siyo yeye.

Mwingine, kwa nia njema kabisa, aliweka nyama ya nguruwe kwenye friji yetu, juu ya sufuria ya maziwa. Tulimwaga maziwa, tukatoa kila kitu na kuosha friji yote. Sikumgombeza, kwani hakujua. Ila tangu siku hiyo hakuna mtu atakayenishawishi kwamba jiko la familia linaweza kuwa la wote.

Sasa nije kwa yule msomaji, maana upande mmoja ana haki kamili. Alitaka maji ya moto, akayakosa. Hapo nawalaumu wenyeji wenzangu. Tunafunga mlango, tunabandika kibao, tunakwenda kulala. Mtu mwenye kiu usiku wa manane hana haja na jiko, ana haja na kilichomo ndani yake, na akikipata kwingine hatagusa komeo lako. Ukumbini kwangu kuna meza. Ina chupa ya maji ya moto ninayoijaza kabla ya kulala, jagi la maji ya kunywa, vikombe, sahani, na kisu cha matunda. Chini yake kuna friji ndogo ya wageni, ndani nimetia kipimajoto, kwa sababu wenye kisukari huja na insulini, na ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, isigande. Kuna kengele pia. Mama mwenye mtoto wa maziwa ya kopo ninamwomba aigonge saa yoyote, maana maziwa ya unga yanataka maji yasiyopungua nyuzi 70, na chupa iliyokaa tangu jioni huenda imeshapoa. Ninaamka, nachemsha.

Na mgeni anaelezwa mambo ya jiko kabla hajalipa, kwenye ujumbe wa kuwekesha chumba. Kumwambia akiwa tayari ana kikombe mkononi ni kumfedhehesha.

Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam alinikumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi nimwache asaidie kupika. Nilimwambia methali ile inamhusu jamaa aliyekuja kukaa nasi. Yeye amelipa ili apumzike.

Anayetaka kujifunza upishi simkatalii. Tunapatana siku moja kabla, kwa malipo yake, na tunafanya uani baada ya alasiri, majiko yakiwa hayana kazi. Binti yangu anawaonyesha kukuna nazi, kuchuja tui la kwanza na la pili. Mama mkwe naye anakuwa amevaa vizuri, ameketi kwenye mkeka wake, na ndiye anayewasahihisha wote. Anafurahi sana siku hizo.

Ninachoomba ni kimoja. Wanaokuja kukagua nyumba zetu huangalia shuka, vyoo na vyandarua. Wamuulize mwenye nyumba na hili: usiku, mgeni wako anapata wapi maji?

Mwenye nyumba ya wageni,
Mji Mkongwe, Bagamoyo