Bakteria rafiki wawekwe kabla ya mnyauko, si baada

Mhariri,

Wakulima wengi wa nyanya hukimbilia dukani kununua bakteria rafiki siku wanayokuta mimea imelala shambani ikiwa bado kijani. Siku hiyo wameshachelewa, na tunaomba gazeti lako litusaidie kulisema hili kabla ya msimu kuanza.

Mnyauko bakteria huletwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum. Huingia kwenye mizizi kupitia vidonda, hasa vya jembe na vya minyoo fundo, kisha huzaliana ndani ya mishipa inayopandisha maji mpaka izibe. Bakteria rafiki Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens, wanaouzwa kwa wingi, kazi yao kubwa huifanya nje, kwenye ngozi ya mzizi. Hapo huwahi nafasi na chakula, hutoa kemikali zinazowadhuru bakteria wa ugonjwa na kuuamsha mmea ujikinge wenyewe. Adui akishajaa ndani ya mishipa, hakuna pakiti itakayomtoa.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni upi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea huo pamoja na udongo wa mizizi, uuchome mbali na shamba. Usiutupe kwenye mfereji wa umwagiliaji. Nyuzi zisipotoka na mishipa ikawa ya kahawia, shuku mnyauko wa fuzari, unaoletwa na kuvu.

Kinga yenyewe ianzie kitaluni. Kama pakiti ina chembe hai bilioni 1 kwa gramu, gramu 10 kwenye lita 1 ya maji hutoa milioni 10 kwa kila mililita, kiwango kinachofaa kuchovyea mizizi. Chovya miche kivulini kwa dakika 20 hadi 30, pandikiza jioni kwenye udongo wenye unyevu, halafu mwagia kila shina mililita 50 hadi 100 za mchanganyiko huohuo. Rudia baada ya wiki 2. Lebo ikitoa kipimo tofauti, fuata lebo.

Wanaolalamika kwamba dawa haifanyi kazi mara nyingi wameiua wenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Usichanganye bakteria na dawa za kopa (shaba) wala viuavijasumu kwenye bomba moja la kupulizia, na bomba lililobeba sumu lioshwe vizuri. Jua la mchana huwaua wakiwa juu ya ardhi kavu. Bacillus hutengeneza spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, hivyo huvumilia ukavu na joto la ghala. Pseudomonas hana spora, na pakiti yake ikikaa dirishani pa duka unaweza kuwa unanunua unga mtupu. Wanaozalisha wenyewe kwenye pipa kwa molasi tunawasihi waache. Bila usafi wa maabara hujui umezalisha kitu gani.

Shamba ambalo tayari lina ugonjwa lisitegemee bakteria peke yao. Panda mahindi kwa misimu kadhaa, ng'oa mnavu unaojiotea, na usifuatishe viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, kwani wote hushikwa na ugonjwa huohuo. Miche ya nyanya iliyounganishwa kwenye shina la bilinganya sugu nayo ni kinga nzuri sana pale inapopatikana.

Kwa wenye maduka na kwa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, inayosajili viuatilifu: kila pakiti ioneshe kwa Kiswahili jina kamili la bakteria, idadi ya chembe hai kwa gramu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mkulima asipoviona vitatu hivyo, airudishe kaunta palepale.

Wataalamu wa afya ya mimea,
Morogoro