Mashine ya Boti Iliyotumika: Sheria Inamlinda Mnunuzi Gani?

Anayetuletea mashine ya boti kutuuzia hapa Lamu hununa tukimwomba kitambulisho, risiti na namba ya mashine. "Kwani mimi mwizi?" La, lakini mashine huvushwa Mokowe, gati la bara, kwa usiku mmoja tu, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, haimbembelezi mnunuzi kama wengi wanavyodhani.

Kifungu cha 23 kinasema asiye mwenye mali hawezi kukumilikisha. Mashine ikiibwa gatini ikauzwa hata mara tatu, bado ni ya mwenyewe. Fundi aliyeachiwa aitengeneze akaiuza, ni yale yale. Ulilipa bei nzuri mchana kweupe? Utairudisha. Unayemdai ni aliyekuuzia, kwa kuwa kifungu cha 14 kinamtaka awe na haki ya kuuza. Sasa utamdai vipi mtu unayemjua kwa jina la utani tu?

Mambo hugeuka mwenye mali anapouza kwa hiari yake akatapeliwa. Kalipwa kwa hundi, hundi ikarudi, na tapeli keshakuuzia wewe usiyejua lolote. Kama mwenyewe alikuwa hajaubatilisha mkataba wake na tapeli, kifungu cha 24 kinakupa mashine, naye amfuate tapeli. Inauma, ila aliyemwamini tapeli ni yeye.

Linalowaponza zaidi watu wa boti ni jingine. Umelipa, lakini boti bado inakalafatiwa (inazibwa nyufa) Matondoni, basi unamwachia muuzaji mashine (na kalafati tunaijua, "kesho" yake haiishi). Muuzaji akamuuzia mwingine asiye na habari, naye akaichukua. Kisheria huyo wa pili ndiye mwenye mashine. Wewe unabaki kumdai muuzaji pesa. Kwa hiyo ukilipa, hata dukani kwetu, ondoka nayo siku hiyo hiyo, hata kwa punda.

Na usijifanye hukuona. Tazama kibati cha namba kwenye vishikio vinavyobana tezi, yaani nyuma ya boti. Kikiwa kimekwanguliwa, au ribiti zinang'aa kwenye mashine iliyoliwa na chumvi, na bei ni ya kutupa, polisi watakuuliza kwa kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, cha kupokea mali ya wizi. Adhabu yake inafika miaka 14.

Mashine ya namna hiyo hatununui, na hatuifungui hata kuitengeneza mpaka karatasi zije.